Nilitaja tumbo, nikaficha choo

Mwaka 2022 niliipunguza kiuno suruali yangu ya kijivu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Idi, mara ya pili mwezi wa tisa. Nilifumua mkanda, nikakata, nikashona upya, nikapiga pasi, nikavaa na kuendelea na kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Tepu hainitoki shingoni toka asubuhi hadi magharibi, na kazi yangu ni kupima viuno vya watu. Kiuno changu mwenyewe kikatoka inchi 36 kikafika 32, na sikujiuliza kimekwenda wapi. Kwanza nilisema ni mfungo. Baadaye nikasema ni mawazo ya ada za watoto.

Naandika kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi anafunga mkanda tundu la ndani zaidi huku anajiambia maneno hayohayo.

Mambo yalianza Ramadhani ya mwaka huo, iliyoingia mwanzoni mwa Aprili. Choo kikawa kigumu. Nakaa siku mbili, tatu, sipati, na nikipata ni vidonge vidonge kama vya mbuzi. Halafu ghafla naendesha siku nzima, kisha kinafunga tena. Mwezi wa mfungo kila mtu analalamikia tumbo. Usiku ni muhogo wa nazi, tambi na bajia, mchana hata tone la maji hakuna, kwa hiyo sikuona ajabu. Idi ikapita, mfungo ukaisha, tumbo likabaki vilevile. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana sababu niliyokuwa nikiisingizia ilikuwa imeshaondoka.

Kilichoniumiza moyo zaidi wakati ule ni udhu. Nautia vizuri, nafika msikitini, imamu hajamaliza rakaa ya kwanza, tumbo linaunguruma na udhu unatenguka. Narudi kwenye bomba. Sala moja, udhu mara tatu. Mwisho nikaanza kusalia nyumbani, na wenzangu wa safu ya mbele wakadhani nimesafiri.

Nilikwenda duka la dawa nikasema, "Tumbo linanisumbua." Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na nililirudia kila nilipokwenda. Kwetu tumbo ni kila kitu kuanzia chini ya kifua hadi kinenani. Mimba ni tumbo, hedhi ni tumbo, njaa ni tumbo, kuharisha ni tumbo. Ukisema tumbo ukanyamaza, anayekusikiliza anajichagulia mwenyewe ulichokusudia. Muuza dawa alichagua amiba, akanipa flajili. Zahanati ya kwanza walichagua taifodi na UTI, wakanipa sipro. Nilipopata nafuu siku nne kisha nikarudi palepale, walinipima tena, wakaona taifodi tena, nikapewa sindano. Zahanati ya pili walichagua vidonda vya tumbo. Wakapima damu, wakasema nina bakteria wa vidonda, nikameza dawa za aina tatu kwa wiki mbili.

Leo najua ambacho sikukijua. Kile kipimo cha taifodi cha damu kinachofanyika vichochoroni kinaweza kuonyesha ugonjwa uliokupata zamani ukapona, na taifodi ya kweli huja na homa. Mimi sikuwa na homa hata siku moja. Kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda nacho hakitenganishi walioko leo na waliokuwepo miaka iliyopita. Kipimo cha choo kinasema kweli zaidi. Siwasemi wauguzi waliokuwa wakihangaika na foleni ya watu hamsini. Nasema kwamba dawa ikishakamilika na tatizo likarudi, usikubali dawa ileile mara ya pili. Uliza, "Kama si hili, linaweza kuwa nini?"

Kisha ikaja ngiri. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ninayempa shikamoo tangu utoto, alinikuta nimekunja uso akasema, "Mwanangu, choo cha mbuzi, tumbo kuunguruma, kiuno kuuma, hiyo ni ngiri." Mwanamume yeyote wa pwani anaijua orodha hiyo kwa moyo. Akanielekeza kwa muuza dawa za miti, nikachemsha mizizi mwezi mzima, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mzee alinitakia heri na bado namheshimu. Lakini kile madaktari wanachokiita ngiri ni utumbo au nyama ya ndani kupenya kwenye uwazi wa misuli, kinenani au kitovuni, na mara nyingi uvimbe wake unauona na kuushika kwa mkono. Mimi sikuwa na uvimbe wowote. Jina lilikuwepo, na kwa kuwa jina lilikuwepo nikatulia.

Nyumbani kwetu choo ni cha shimo. Taa yake hafifu, unamaliza, unajiosha, unatoka. Miezi yote ile sikuwahi kuona ninachokitoa. Mwezi wa kumi nilikwenda kwa mdogo wangu Muheza, kwenye hitima ya mama mkwe wake. Ndugu yangu amejenga, ana choo cha kukaa, cheupe, chenye dirisha. Nilipoinuka nikaona. Damu haikuwa matone juu ya choo kama watu wanavyosimulia bawasiri. Ilikuwa imechanganyika ndani yake, nyekundu iliyoiva, pamoja na kamasi. Nilisimama pale nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Kisha nikavuta maji, nikanawa, nikarudi barazani kula pilau.

Sikumwambia mtu kwa miezi miwili. Sikumwambia hata Mama Rukia, mke wangu wa miaka ishirini na mbili. Nilijiambia ni bawasiri tu. Huenda ukawa nayo kweli, wengi wanayo, lakini mtu anaweza kuwa na bawasiri na kitu kingine kwa pamoja, na kwa kutazama peke yako huwezi kujua. Kama choo chako ni cha shimo, chukua tochi. Au haja moja ipate kwenye kopo au karatasi uitazame. Nalisema hili bila haya kwa kuwa aibu ilinipotezea miezi ambayo sitairudisha.

Desemba kwetu mafundi ni msimu wa sare za shule. Nilikuwa na sketi na kaptura za watoto zaidi ya mia, na mguu ukashindwa kukanyaga cherehani. Nakanyaga dakika tano, pumzi inakata, moyo unapiga hadi masikioni. Mama Rukia aliniletea chai, akanishika mkono kunipa kikombe, akaugeuza kiganja. "Baba Rukia, hiki kiganja mbona cheupe kama cha maiti?" Hakungoja jibu. Alikwenda ndani akakusanya maganda yote ya dawa niliyokuwa nikiyatupia kwenye kopo la nyuzi, akayafunga kwenye mfuko, akaita bajaji.

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa binti mdogo, kampita Rukia wangu miaka mitano au sita tu. Nikamwambia, "Tumbo linanisumbua, daktari."

"Tangu lini, baba?"

"Tangu Ramadhani."

Akatazama kalenda ukutani, akaandika miezi minane. Akauliza choo changu kikoje. Nikasema cha kawaida. Mama Rukia pembeni yangu akakohoa. Daktari akaweka kalamu chini, akavuta kiti karibu. "Baba, mimi hapa sioni aibu, na wewe usione. Unakwenda mara ngapi kwa siku? Kinatoka kinene kama zamani au kimekuwa chembamba? Ukimaliza unahisi umemaliza, au kama kimebaki? Kinakuamsha usiku? Umeona damu?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza maswali hayo, nami sikuwa nimempa mtu nafasi ya kuyauliza. Nikajibu moja baada ya jingine. Kimekuwa chembamba, unene wa kidole cha mwisho. Kila nikimaliza naona bado. Ndiyo, kinaniamsha, saa nane, saa tisa za usiku. Ndiyo, damu, tangu mwezi wa kumi. Mama Rukia akageuza uso, akatazama dirishani.

Akanipima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa. Wanaume wenzangu wanalikimbia jambo hili, basi acha nilieleze. Alivaa glavu, akapaka jeli, nikalala ubavu nimekunja magoti, na haikufika dakika moja. Heshima yangu ilibaki mahali pake. Glavu ilitoka na damu. Alipomwaga ule mfuko wa maganda mezani alihesabu dozi saba za antibayotiki, na hakuna hata moja iliyoandikwa na mtu aliyenigusa tumbo.

Majibu ya maabara yalirudi adhuhuri. Wingi wa damu ulikuwa 6.9, na mwanamume anatakiwa awe na 13 au zaidi. Chembe zenyewe zilikuwa ndogo na zimepauka, dalili ya kukosa madini ya chuma. Kisha akasema maneno ambayo hadi leo nayasikia: "Mwanamke anapoteza damu kila mwezi. Wewe, baba, yako inapotelea wapi?"

Nililazwa, nikaongezewa damu, wakapima choo kutafuta minyoo na amiba, wakapima sukari, virusi na kifua kikuu. Nilipewa vidonge vya chuma, akanionya mapema kwamba vitakifanya choo kiwe cheusi, nisitishike. Lakini kwa mtu asiyevimeza, alisema, choo cheusi kinachonata kama lami huenda ni damu inayovuja juu, kwenye vidonda, na ni cha kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Akaniandikia barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam kupimwa kwa kamera inayopita njia ya haja kubwa.

Kamera yenyewe si kitu. Kazi ni siku ya kuamkia. Hakuna chakula, ni chai ya rangi, maji, dafu na supu iliyochujwa, na usinywe juisi nyekundu isije ikafanana na damu. Jioni unakunywa lita kadhaa za dawa ya kusafisha tumbo, ina chumvichumvi, na baada ya saa moja hutoki chooni. Nilifikia kwa shemeji yangu Mbagala, nyumba ya wapangaji, familia tano na choo kimoja. Usiku ule nilitamani ardhi inimeze. Ukienda kupimwa, tafuta ndugu mwenye choo chake, hata kama kwake hutalala vizuri. Beba pia mtu wa kukurudisha, maana unapewa dawa ya usingizi na hutakiwi kutembea peke yako. Yote pamoja yalinigharimu shilingi 320,000. Maganda ya kwenye kopo la nyuzi, tulipokuja kuyapigia hesabu, yalifika kama 410,000.

Kwenye benchi la kusubiri tulikuwa wanne, na tukaanza kusimuliana kama abiria wa basi moja. Kijana wa chuo alikuwa anaendesha damu mara kumi kwa siku. Mama mmoja wa Morogoro alikuwa na homa za jioni na jasho la usiku, tumbo likijaa maji. Dada mmoja, mwalimu, alikuwa na miaka kumi ya tumbo kuvimba na kuuma, akienda haja linatulia, ila hakuwa amekonda wala kuona damu. Na mimi. Wote wanne tulikuwa tumeshatibiwa taifodi. Tulipeana namba za simu, kwa hiyo najua mwisho wa kila mmoja. Kijana alikutwa na vidonda vya utumbo mpana vinavyotokana na kinga ya mwili kuushambulia utumbo wenyewe, anameza dawa za muda mrefu na amerudi darasani. Mama alikutwa na kifua kikuu cha utumbo, akameza dawa miezi sita, akapona. Dada hakukutwa na kidonda chochote. Walimwambia utumbo wake ni mzima ila una hisia kali, wakamfundisha vyakula vya kuepuka na namna ya kupunguza msongo, na alilia kwa furaha. Sisi wote tungeingia zahanati tukisema tumbo, tungetoka na karatasi moja.

Kwangu kamera ilifika upande wa kushoto, ikakwama. Njia ilikuwa imebanwa na uvimbe. Wakachukua kinyama kupeleka maabara. Daktari alitaka nibaki Dar wiki ileile nipangiwe upasuaji. Nikamwambia narudi Tanga kutafuta hela kwanza. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, kubwa kuliko hata kunyamaza. Sikumuuliza dalili gani zikitokea ni za hatari, na sikumwomba anionyeshe ofisi ya ustawi wa jamii, ambayo ipo kwenye hospitali kubwa kwa ajili ya watu wa hali yangu.

Niliuza ovaloku yangu, mashine ya kufungia kingo za nguo, shilingi 450,000. Siku ya tisa choo kikafunga kabisa. Shangazi yangu, aliyenilea, akanichemshia sanamaki. Nikanywa kikombe, kisha cha pili. Sanamaki inasukuma utumbo, na mbele yake palikuwa na ukuta. Maumivu yakaja kwa mawimbi, yanapanda, yanakaza, yanaachia, yanapanda tena. Tumbo likawa ngoma. Nikatapika chakula, kisha nyongo, kisha kitu chenye harufu ya choo. Upepo nao haukutoka kabisa, na Mungu anajua, mimi niliyeulalamikia upepo mwaka mzima, usiku ule niliuomba. Ukiona hayo manne pamoja, choo kimefunga, upepo hautoki, tumbo limejaa na unatapika, usinywe dawa yoyote ya kuendesha, ya hospitali wala ya miti. Nenda, hata kama ni saa nane usiku.

Walinipasua alfajiri, hapahapa Tanga. Nilipozinduka nilikuwa na mshono katikati na upande wa kushoto utumbo umetolewa nje, mwekundu, umefunikwa na mfuko. Wiki ya kwanza sikuutazama. Mama Rukia ndiye aliyeuosha na kuubadilisha, kimya, kama anayemwogesha mtoto. Nilidhani sitasali tena. Sheikh wetu alikuja kuniona akaketi ukingoni mwa kitanda, akanieleza kwamba mtu asiyeweza kuizuia hadathi, yaani kinachotengua udhu, anatia udhu kila wakati wa sala unapoingia, anasali, na sala yake ni sala. Nililia mbele yake.

Mifuko ile ni ghali na mara nyingine haipatikani mjini, na ukikosa ya kujibandika vizuri inavuja. Nilikata kitambaa cha khanga kuukuu, kilicholainika kwa kufuliwa, nikashona mkanda mpana wenye tundu la duara lililozungushiwa pindo mara mbili, na kamba ya kufungia mgongoni. Uliushikilia mfuko hata nikiinama. Tangu hapo nimeshona ishirini na tatu kwa wagonjwa wengine. Anayehitaji nampima mwenyewe na sichukui pesa.

Majibu ya kinyama yalisema saratani ya utumbo mpana. Kwenye nyama iliyokatwa walikagua tezi ndogo za kinga 13 zilizo jirani na utumbo, mbili zilikuwa na saratani, yaani hatua ya tatu. Nikaanza dripu za dawa za saratani Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar, mizunguko minane, kila wiki tatu. Afisa ustawi wa jamii alituandikia msamaha wa sehemu ya gharama. Pamoja na nauli na malazi, mwaka ule ulitula kama shilingi milioni nne. Bangili za Mama Rukia zilikwenda, na ndugu walichanga. Nywele hazikunitoka sana, ila baridi ilinigeukia. Nikishika mkasi asubuhi, chuma kinachoma kama umeme kwenye vidole. Maji ya mtungi yalinikaba koo, nikawa nakunywa ya vuguvugu tu. Mnamo Novemba 2023 walinirudishia utumbo ndani. Ncha za vidole bado zina ganzi, siihisi sindano vizuri, na uzi ananitungia mwanangu wa mwisho.

Kamera ya mwaka uliofuata ilikuwa safi. Daktari akaniuliza kuhusu ndugu zangu wa damu. Akasema mimi nimekutwa na miaka 46, basi ndugu na watoto wangu waanze kupimwa wakifika 36, bila kungoja dalili, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kisichouma, na kikitolewa mapema hakigeuki. Mdogo wangu wa Muheza alikuwa na 41. Alisema yeye mzima, anakula, anapata choo kila siku. Nilimsumbua miezi mitano. Mwisho akaenda, akanipigia akiwa bado ana usingizi wa dawa: "Kaka, wamekuta viwili. Wamevitoa."

Tuna daftari la zamani ambamo baba yetu aliandika tarehe tulizozaliwa, na mimi nikaendeleza kwa wanangu. Jioni ile nililitoa kabatini, na mbele ya kila jina nikaandika mwaka wake. Rukia, 2037. Anayemfuata, 2041. Wa mwisho alikuwa amekaa pembeni yangu anatunga uzi, akasoma 2047 mbele ya jina lake, akauliza ni ya nini. Nikamweleza yote, na neno choo nikalitamka.